Uliza Fundi: Anayekuibia spika yumo mfukoni mwako

Mwezi huu barua za spika zimezidi zile za simu zilizotumbukia ziwani, na kwa Kigoma hilo si jambo dogo. Nimezisoma zote hapa kibandani kwangu Mwanga, na nyingi zinauliza jambo lilelile. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu. Wengine mtanivumilia.

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijiji cha mwambao, wilaya ya Uvinza. Nina kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha tukagawiwa walimu. Nimenunua spika ya bluetooth kwa hela yangu ili darasa la tano wasikilize matamshi ya Kiingereza. Nyumbani niliijaribu na kishikwambi, ikakubali. Jioni ile mwanangu akaiunganisha na simu yangu, tukasikiliza muziki mpaka tukalala. Tangu hapo shuleni ni shida. Jina la spika naliona kwenye kishikwambi, nikiligusa linazunguka weee, mwisho naambiwa imeshindikana. Nikirudi nyumbani nikajaribu na simu, inaimba! Wenzangu wanasema nimeuziwa feki. Niirudishe mjini? Nauli ya boti kwenda na kurudi inakaribia nusu ya bei ya spika. Na siku moja iliyokubali darasani, sauti ilikuwa inakatikakatika. Halafu wanafunzi wameniuliza bluetooth maana yake nini, nikawaambia tutaona kipindi kijacho. – Mwalimu, Uvinza*

Mwalimu, usipande boti. Spika yako ni nzima, na anayekuibia yumo mfukoni mwako.

Rudia kusoma barua yako pale uliposema mwanao aliiunganisha na simu yako. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Spika hizi ukiziwasha, jambo la kwanza zinalofanya ni kumtafuta yule wa mwisho kuzishika. Hazijui kama sasa uko darasani na kishikwambi mezani. Zinajua tu kwamba jana jioni zilikuwa na simu fulani, zinaiita, na simu hiyo, ikiwa bluetooth yake imewashwa, inaitika papo hapo ikiwa mfukoni mwa suruali yako, bila hata kutetemeka. Wewe unabonyeza kishikwambi, lakini spika imeshashikwa.

Waliotafsiri simu kwenda Kiswahili waliandika “oanisha”, nami nawapongeza, maana ndivyo ilivyo. Spika inaweza kuwakumbuka wengi, lakini inayekaa naye ni mmoja. Zipo za bei kubwa kidogo zinazoshika simu mbili kwa pamoja, ila hata hizo muziki zinautoa wa mmoja.

Unasema jina unaliona. Hilo lisikudanganye. Jina lililo kwenye orodha ya vifaa ulivyowahi kuunganisha ni kumbukumbu ya kishikwambi tu. Hata ungeiacha spika nyumbani kwenye kabati, jina lingekuwepo palepale. Siyo spika inayoitika.

Sasa fanya hivi. Kabla hujaingia darasani, zima bluetooth ya simu yako. Usiishie kufunga skrini, zima bluetooth yenyewe. Kisha zima spika, hesabu mpaka kumi, iwashe tena, ndipo uguse jina lake kwenye kishikwambi. Naweka dau la migebuka mitatu kwamba itaitika. Kama itagoma, basi wawili hao inabidi wasahauliane kabisa: ingia Mipangilio, nenda kwenye bluetooth, gusa alama iliyo kando ya jina la spika, chagua kusahau. Halafu kwenye spika bonyeza na kushikilia kitufe cha bluetooth (kwenye spika nyingi ndogo ni kilekile cha kuchezesha na kusimamisha muziki) mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka na yule dada wa ndani atangaze kwa Kiingereza chake kwamba yuko tayari. Unamjua yule dada. Kila spika ndogo iliyoingia mjini hapa anayo, na kila moja anapiga kelele kuliko muziki wenyewe. Akishatangaza, mwambie mkuu wa kaya, yaani kishikwambi, atafute kifaa kipya. Ukiulizwa namba ya siri andika 0000, ikikataa jaribu 1234.

Ikitokea imeandika kwamba imeunganishwa lakini sauti inatokea kwenye kishikwambi, gusa tena ile alama kando ya jina. Utakuta swichi mbili au tatu, mojawapo ni ya sauti ya muziki na video. Imezimwa. Iwashe.

Unipe ruhusa nikuambie nilivyojifunza mimi jambo hili, kwa sababu sikulisoma kwenye kitabu. Miaka michache iliyopita niliombwa kusimamia vyombo kwenye maulidi, Ujiji, barazani kwa watu ninaowaheshimu. Spika ilikuwa ya kukodi, kubwa, ya magurudumu. Kaswida zote nilikuwa nimezipanga kwenye kishikwambi, nimeijaribu spika tangu alasiri, nimeridhika. Katikati shehe akasimama kutoa mawaidha, nami kwa ujanja wangu nikazima kishikwambi nisimalize chaji. Spika ikabaki peke yake, imewashwa, haina mtu. Nyuma ya ukuta akapita kijana ambaye juzi yake alikuwa ameikodi spika hiyohiyo kwa sherehe yake. Alikuwa anasikiliza singeli kwenye simu, taratibu, na mambo yake. Spika ikamtambua. Sitaeleza zaidi. Shehe alinyamaza, akanitazama mimi, si spika. Kijana naye alikuwa anaipigapiga simu yake kwa kushangaa mbona imekosa sauti.

Tangu siku ile, spika ya kukodi naifuta kumbukumbu kwanza. Nyingi zinakubali ukishikilia kitufe cha bluetooth sekunde kumi hivi, nyingine vitufe viwili kwa pamoja, inategemea aina. Na shughuli ikiwa ya heshima, natumia waya.

Turudi darasani, kwenye kukatikakatika. Hukusema una wanafunzi wangapi, lakini naijua mikoa yetu, nitasema themanini na kitu. Bluetooth inasafiri kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hayapendi maji. Mwili wa mtu zaidi ya nusu yake ni maji. Sasa wewe, nadhani, uliweka kishikwambi mezani mbele, ukaipeleka spika nyuma ili na wa nyuma wasikie. Katikati ukaweka mapipa ya maji themanini yenye sare za shule. Masafa ya kifaa cha kawaida ni mita kumi hivi pakiwa wazi, na hapo hapakuwa wazi. Nyumbani ilikubali kwa sababu kati ya kishikwambi na spika palikuwa na kikombe cha chai tu.

Kwa hiyo spika na kishikwambi vikae pamoja, mbele. Spika isikae sakafuni. Ipandishe juu ya kabati au dirishani, ifike usawa wa vichwa vya watoto au juu kidogo, iwatazame. Na tuseme ukweli: spika ya wati tano haijazi darasa lenye watoto hao wote. Wagawe makundi mawili, nusu wasikilize wakiwa wamesogea, nusu waandike, kisha wapokezane. Mvua ikianza kupiga bati, usishindane nayo. Zima, hifadhi chaji.

Chaji nayo ina ugonjwa wake unaofanana na huu, usije ukavichanganya. Kama kinachosumbua ni umbali au vizuizi, sauti inagugumia, inapotea nusu sekunde, inarudi. Kama ni betri, spika inakufa kabisa pale ngoma inapopiga kwa nguvu, kisha yule dada anarudi kukusalimia upya. Betri ya lithiamu ikichoka, volti zake zinaanguka spika inapotaka umeme mwingi kwa ghafla, na kompyuta ndogo iliyo ndani inazimika. Ukimsikia dada akisalimia mara tatu katika kipindi kimoja, punguza sauti, na jioni uiweke kwenye sola mapema. Ikiendelea, niletee kwa mtu anayekuja mjini. Betri yenyewe tunabadilisha.

Na wanafunzi wako wana haki ya jibu lao. Bluetooth ni jino la buluu. Ni jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuwaweka Wadenmark chini ya utawala mmoja. Kampuni ya Ericsson ya Sweden ilianza kazi ya kuondoa waya kati ya vifaa mwaka 1994. Mwaka 1997 mhandisi wa Intel aitwaye Jim Kardach akapendekeza jina la mfalme huyo litumike kwa muda tu, mpaka litakapopatikana zuri zaidi. Halikupatikana. Ile alama unayoigusa kwenye kishikwambi ni herufi mbili za kale za watu wa kaskazini, H na B, zimebandikwa moja juu ya nyingine. Wachoree ubaoni, wataipenda.

Kama kuna mwerevu atakayeuliza mbona bluetooth za watu wengi sehemu moja hazigongani, mwambie zinarukaruka. Njia ziko 79, na kifaa kinahama kutoka hii hadi ile mara 1,600 kwa sekunde, spika ikikifuata kwa mpangilio waliokubaliana wao wawili tu. Kama mvuvi anayekwepa nyavu za wenzake usiku kucha bila kuwasha taa.

*Kaka fundi, nina saluni yangu Gungu. Kishikwambi nimekitundika juu ya kioo wateja waangalie tamthilia wakati wanasuka, na sauti naipeleka kwenye sabufa kwa bluetooth. Midomo na maneno haviendi pamoja! Wateja wananicheka. Nibadilishe sabufa? – Dada wa saluni*

Dada yangu, kwanza nikuulize: tamthilia zenyewe ni zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili? Maana kama ni hizo, midomo haitakutana na maneno hata ukinunua sabufa ya dhahabu. Pima kwa kibao. Mama mkwe akimzaba mtu kibao, mlio unakuja wakati mkono uko shavuni, au mkono ukisharudi?

Ukija baadaye, ndiyo, ni bluetooth. Sauti haitiririki hewani kama maji ya bomba. Kishikwambi kinaibana, kinaifunga vifurushi, kinavirusha, sabufa inavilimbikiza kidogo ili visikatike, inavifungua, ndipo inapiga. Safari hiyo kwa kawaida ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Unaona ndogo? Sauti angani huenda mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni sawa na kumsikiliza mtu aliye mita 68 kutoka ulipo. Nenda Uwanja wa Lake Tanganyika, simama golini, mtu apige makofi akiwa amevuka katikati ya uwanja. Ndicho wanachokiona wateja wako. Kwenye muziki hakuna anayejua, kwa sababu muziki hauna midomo.

Sabufa usibadilishe. Nyuma yake kuna matundu mawili, jekundu na jeupe. Nunua waya wenye pini moja ndogo upande huu na mbili, nyekundu na nyeupe, upande ule. Kwangu nauza 3,000, sokoni ukibembeleza utapata chini ya hapo. Kishikwambi kiko ukutani, hakitembei; bluetooth ya nini? Kama hakina tundu la duara la earphone, utahitaji adapta ya kuchomeka kwenye tundu la chaji, na hapo uwe mwangalifu: vipo vishikwambi visivyotoa sauti kwenye zile adapta nyembamba zisizo na chipu ndani. Nenda nacho dukani, ujaribu kabla hujalipa.

Kama hutaki waya kabisa na tamthilia umezipakua, zichezeshe kwa programu ya VLC. Ina sehemu ya kurekebisha muda wa sauti. Iwahishe sauti kidogokidogo, ukitazama vibao, mpaka vikutane.

*Mimi nauza dagaa mwaloni Kibirizi. Nikiunganisha kishikwambi na spika kutwa nzima, bluetooth inakula MB ngapi? – Mama dagaa*

Sifuri, mama. Bluetooth haipiti kwenye mtandao wa simu, ni mazungumzo ya kishikwambi na spika wao wenyewe, hata laini ukiitoa itaimba. Kinachokula bando ni pale unapotoa muziki. Ukicheza moja kwa moja kutoka intaneti, bando linaisha, spika iwepo isiwepo. Pakua nyimbo zako usiku, kutwa ucheze bure.

*Mzee wangu shikamoo. Ni mwalimu wa kwaya, Kasulu. Tuna spika mbili za bluetooth. Tunataka kishikwambi kimoja kipige zote mbili, moja kulia moja kushoto. Tumejaribu, ikikubali hii inakataa ile.*

Marahaba, kijana. Bluetooth ya kawaida inapeleka muziki kwa mmoja. Hata hivyo spika nyingi za siku hizi zinaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe, kishikwambi kikaiona moja, nayo ikamrushia mwenzake. Masharti: ziwe aina moja, toleo moja. Ziwashe zote, kishikwambi kikiwa kimezimwa bluetooth, bonyeza kitufe cha bluetooth mara mbili harakaharaka kwenye moja tu, usubiri mlio. Kwenye nyingine ni kushikilia, karatasi iliyokuja na boksi inasema. Ndipo uwashe kishikwambi.

Kama ni aina mbili tofauti, mlango mwingine ni kishikwambi chenyewe kuwa na uwezo huo, na baadhi ya Samsung wanao. Teknolojia mpya inayoitwa Auracast, iliyotangazwa 2022, inaruhusu kifaa kimoja kurushia spika nyingi, lakini inataka kishikwambi na spika vyote viwe vimetengenezwa nayo. Vyenu, kwa jinsi ulivyovieleza, sivyo. Mkikwama kabisa, kipo kiungio kidogo cha tundu moja kugawanyika mawili. Waya mbili, spika mbili, na kwaya iimbe.

*Mwanangu fundi. Naandikiwa na mjukuu wangu, mimi ni bibi wa Ujiji. Kijana tunayekaa naye nyumba moja ana hicho kispika, anakiweka dirishani kwangu, na nasikia kinatoa mionzi. Kichwa kinaniuma asubuhi. Ni mionzi?*

Shikamoo bibi. Pole na kichwa. Mionzi yake si ya eksirei, ni mawimbi ya redio kama yale ya redio uliyoisikiliza miaka yote. Nguvu yake kwa spika ndogo ni kama miliwati 2.5. Simu ya mkononi inapoutafuta mnara inaweza kufika wati 2, yaani mara 800 ya hiyo, na hiyo unaiweka sikioni.

Ila nimemuuliza mjukuu wako, akaniambia kijana huyo anaanza kupiga muziki kabla ya adhana ya alfajiri. Basi kichwa nimekipatia sababu. Mwite umwambie kwa upole. Asiposikia, kitufe cha kuzima kipo nyuma, karibu na tundu la chaji. Unakishikilia mpaka yule dada wa ndani aage.